Imani iliyokauka na karafuu jamvini

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia salama. Umeuliza jambo moja, nami nalirudia kwa maneno yako mwenyewe nisije nikajibu jingine: "Mama, imani yangu imekauka. Nasali kwa mazoea, sihisi kitu. Jumapili nyingi niko zamu hotelini, kanisani nafika mara moja kwa mwezi. Je, Mungu ameniacha, au mimi ndiye niliyemwacha?"

Umeandika "imekauka". Wewe ni mtoto wa Pemba, na huku kwetu neno hilo si la msiba. Karafuu isiyokauka haiuziki wala haiwekeki. Basi kabla hujajihukumu, tutazame kukauka kwenyewe, maana kupo kwa namna mbili, na dawa zake hazifanani.

Kwanza kuna kukauka kwa jamvini. Karafuu huchumwa kichwa kikiwa kimejaa, imeanza kuacha ukijani na kupata wekundu, lakini haijafunguka. Siku inaposhuka mtini ni nono, inang'aa, ukiibana inatoka maji. Kwa macho haitapendeza tena kama siku ile. Huanikwa, na baada ya siku nne au tano za jua zuri imekuwa ya hudhurungi, ngumu, nyembamba, na kila kilo tatu mbichi zimerudi kilo moja. Asiyejua atasema theluthi mbili zimepotea. Kilichokwenda ni maji. Mafuta yamebaki ndani, nayo ndiyo yenye harufu na ukali; katika karafuu kavu iliyo njema hufika asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake.

Imani yako ya miaka ya kwaya ilikuwa na maji mengi. Machozi yalikuwa karibu, wimbo mmoja ulitosha kukuinua. Sisemi ilikuwa ya uongo, maana karafuu mbichi ni karafuu ya kweli. Lakini jaribu kuitia polo, yaani gunia, ikiwa vile vile, uone baada ya siku tatu utakuta nini.

Msome Eliya katika 1 Wafalme 17. Mungu mwenyewe alimpeleka kwenye kijito cha Kerithi, akanywa maji yake, kisha kijito kikakauka kwa kuwa mvua haikunyesha. Eliya hakuwa amekosea njia. Kijito kilikauka pale pale alipotumwa. Na Zaburi ya 63 ni ya Daudi akiwa jangwani Yuda, anamwambia Mungu kwamba ana kiu katika nchi isiyo na maji. Hakungoja kiu iishe ndipo aseme. Kama huna la kusema ila kwamba huhisi kitu, hilo nalo ni sala, lipeleke. Zaburi ya 88 yote ni ya mtu anayelia asione jibu, na inaishia gizani, haina mstari wa mwisho wa kufariji. Imeachwa hivyo hivyo katika Biblia, nami naona ni rehema kubwa kwamba haikutolewa.

Namna ya pili ni kukauka kwa mti. Mkarafuu unaweza kuwa umezaa miaka na miaka, kisha majani yakageuka manjano, yakapukutika, na mti mzima ukafa kwa muda mfupi. Ni ugonjwa, unatokana na kuvu. Wakati mwingine ni mchwa wameingia mizizini. Mti wa namna hiyo hakuna anayeuambia uvumilie jua. Basi kama hulali, au chakula hakipiti, au hakuna kabisa kinachokufurahisha na hali hiyo imefika wiki mbili, nenda hospitali ukamweleze daktari, na unipigie simu siku hiyo hiyo. Kama yanakujia mawazo ya kutaka kufa, usingoje hata asubuhi. Huo ni ugonjwa kama homa, haupimi imani ya mtu. Hata Luka aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa.

Utajuaje iliyokupata ni ipi? Karafuu kavu iliyo njema ukiivunja inakatika kwa mlio, na ukiibonyeza kwa ukucha inaacha mafuta. Iliyoharibika inapinda, haivunjiki, imekunjamana na imeingia weupe, hata harufu ni ya uvundo. Kuitazama peke yake hakutoshi, mpaka uibonyeze. Katika barua yako, kule mwishoni, umetaja kwa kupita tu kwamba umemwachia mwenzako siku yako ya mapumziko kwa sababu mtoto wake ni mgonjwa. Ulikuwa umechoka, na hukuhisi utakatifu wowote. Umebonyezwa, na angalia kilichotoka. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba sisi tu harufu nzuri ya Kristo mbele za Mungu. Mwenye kunukia mara nyingi haisikii harufu yake mwenyewe.

Kwa hiyo kukauka kwako hakunitii hofu. Ninachokuogopea ni lundo. Karafuu haiharibiwi na jua, huharibiwa na kulala lundo ikiwa mbichi. Ndiyo maana huchambuliwa jioni ile ile iliyochumwa: shada linashikwa kwa mkono mmoja, linasuguliwa kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaanguka huku na makonyo, vile vijiti vya shada, yanawekwa kule. Watu watakaa na taa mpaka usiku kuliko kuliacha lundo lilale. Likilala, ukitia mkono ndani alfajiri unakuta joto kama la mtu mwenye homa. Zimeanza kuvunda, na hata ukizianika siku kumi zitatoka nyeupe-nyeupe, hazina thamani.

Waefeso 4:26 inakataza jua lisituchwee na uchungu ungali ndani. Ichambue siku yako kabla ya kulala. Dakika tano zinatosha. Taja jambo moja uliloshukuru, kwa jina lake. Taja kosa moja, kwa jina lake pia, usiseme tu "unisamehe dhambi zangu zote", maana hilo ni lundo. Mtaje mtu mmoja aliyekuudhi, na useme kesho utamfanyia nini. Kisha lala. Makonyo nayo usiyatupe kwa hasira: huku yanakaushwa peke yake, na kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kinayakamua mafuta. Udhaifu uliotengwa na kutajwa una kazi yake. Uliochanganywa na karafuu unaishusha daraja.

Sasa kuhusu sala zenyewe. Makosa ya watu wengi wa zamu ni kukusanya wiki nzima waimalize Jumapili moja, saa tatu kwa mkupuo. Mwanikaji hafanyi hivyo. Karafuu hutandazwa tabaka jembamba juu ya jamvi, zinageuzwa mara kwa mara kwa mkono ili kila upande uone jua, na hukusanywa kabla umande haujashuka. Wala hazianikwi kwenye lami, maana zitashika mafuta ya magari na changarawe. Kila sala na iwe na jamvi lake, hata kama ni kiti kimoja nyuma ya jiko la hotelini, usiisome huku macho yako kwenye simu.

Tandaza basi mara tatu kwa siku, kama Danieli. Asubuhi kabla ya sare, Zaburi moja kwa sauti ya kusikika masikioni mwako, na Baba Yetu polepole, ukipumua kila kituo. Adhuhuri utaisikia adhana; jirani zetu wanaitwa kwenye sala yao, nawe si aibu kukumbushwa yako, sema sentensi moja tu unapobeba trei. Usiku, Zaburi nyingine na uchambuzi wako. Desturi ya Kianglikana hugawa Zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni. Kwako sasa hilo ni tabaka nene mno. Kwa moja asubuhi na moja usiku utazimaliza kwa siku 75. Ya 119 ina aya 176, igawe kwa vifungu vyake vya aya nane nane, isikulemee, ingawa siku zitazidi hizo 75.

Kuna siku mvua itakukuta, na msimu wetu wa kuchuma unaingia ndani ya vuli, kwa hiyo hakuna mwanikaji asiyelowana. Ikinyesha, karafuu hukusanywa mbio, na jua likitoka zinarudishwa jamvini saa ile ile. Kinachoziua ni kuachwa zimefunikwa kwa kuwa mwenyewe amekata tamaa. Ukikosa siku mbili, rudi siku ya tatu pale pale ulipoachia, usianze kulipa madeni ya Zaburi ulizoziruka.

Kuhusu Meza ya Bwana, kaa na msimamizi wako kabla ratiba haijatoka, si baada ya kutoka, umwombe Jumapili mbili kwa mwezi, na ujitolee kushika zamu za sikukuu ambazo wenzako Waislamu wanazihitaji. Akikataa, mwambie padri wako, umwulize kuna Misa siku gani ya katikati ya wiki.

Yupo pia anayengoja hisia zije ndipo aanze. Karafuu ikingojwa mtini hufunguka, ikapitiliza, ikawa mpeta. Haifai tena mizanini. Hufaa mbegu, nayo hupandwa mbichi mara moja, haikai.

Kuna jambo moja zito ambalo siwezi kuliruka, kwa sababu sipendi karafuu ifanywe mfano mtamu tu. Mashamba haya yalipandwa na kuchumwa na watu waliotiwa utumwani. Kimbunga cha 1872 kililaza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na kazi ikazidi kuwaelemea waliokuwa huku. Soko la watumwa la mjini Unguja lilifungwa 1873, na mwaka huo huo msingi wa kanisa letu la Mkunazini ukawekwa papo hapo palipouziwa watu. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria visiwani mpaka 1897. Hesabu mwenyewe: kengele zilikuwa zikilia, nyimbo zikiimbwa, na shambani mtu bado ni mali ya mtu. Ukiingia Mkunazini, pita madhabahuni ukijua umesimama wapi.

Yakobo 5:4 inasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi ina vibaba vinne. Anayempimia kwa pishi iliyojazwa kilima akamlipa kwa pishi ya kufutwa juu, huyo asiulize kwa nini sala zake ni nzito. Nawe jikague. Upo wakati sala hukauka kwa sababu tuna cha mtu. Bakshishi ya pamoja inagawanywa sawa? Anayefua mashuka anapata fungu lake? Kuna pesa ya mtu umeikalia? Mathayo 5 inasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Nakuomba ulifanye hili kabla ya yote niliyoandika juu, japo nimelitaja mwisho.

Na usijilinganishe na mwaka wako mmoja uliokuwa mzuri. Mche wa mkarafuu unataka kivuli miaka yake ya mwanzo, huchukua kama miaka sita hadi minane kuanza kuzaa, na hata ukiwa mkubwa hauzai sawa kila msimu. Mwaka wa neema hufuatwa na mwaka mdogo, pengine miwili. Mwenye shamba mwaka mdogo hupalilia na kukagua mchwa, haleti shoka.

Ndani ya mfuko alioubeba huyu aliyekuletea barua mna kibaba kimoja cha karafuu, kavu, zilizochambuliwa vizuri. Usiziache kwenye mfuko wa plastiki, zitatoa jasho. Zitie kopo la bati au chupa yenye kifuniko, mbali na mafuta ya taa na samaki, maana karafuu hushika harufu ya jirani yake. Usiku wa leo chukua kumi, uzitie kwenye glasi ya maji. Yenye mafuta yake husimama wima, kichwa juu, au huzama. Iliyokwisha kukamuliwa hulala ubavu juu ya maji. Niandikie umeona ngapi zimesimama, na unitajie Zaburi uliyofikia.

Mama yako akupendaye.