Nywele za Marehemu Ukutani: Je, Ni Uchawi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nipo Missouri, Marekani, namhudumia mama mzee wa miaka 91. Juzi kanizawadia fremu ya kioo, ndani yake shada la maua ya kahawia. Nikadhani ni uzi, kumbe ni nywele za ndugu zake wa zamani! Mume wangu hataki ilale ndani, anasema ni uchawi. Nikiitupa, namvunjia mama wa watu heshima. Nifanyeje?
Mama Neema

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiitupe, wala usiichome.

Mshtuko wenu naujua. Kwetu wengi tumelelewa kuzika nywele zikishanyolewa, asije mtu akaziokota. Watu wa huko, karne ya 19, walizishika kwa sababu nyingine: mwili huoza, nywele hudumu. Malkia Victoria wa Uingereza alipofiwa na mumewe Albert mwaka 1861, alivaa nyeusi hadi alipokufa mwenyewe mwaka 1901, na nywele za Albert akazivaa ndani ya vito. Mwaka huohuo wa 1861 Wamarekani waliingia vitani wao kwa wao, wakazika vijana miaka minne mfululizo. Familia nyingine hazikuwa hata na picha ya mtoto wao. Zilibaki na kishungi tu.

Mimi nimesuka nywele miaka 30, na nilipokwenda kumwona mwanangu huko nililiona shada la namna hiyo. Nilisimama mbele yake mpaka miguu ikauma. Petali moja ni nywele chache zilizozungushwa kwenye kijiti chembamba, kitanzi baada ya kitanzi, na kila kitanzi kimefungwa kwa waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Kijiti kikichomolewa, waya unakunjwa, petali imepatikana. Lile lilikuwa na mamia. Kwenye ua moja, kati ya nywele nyeusi, kulikuwa na unywele mmoja wa mvi. Nikamfikiria mwenyewe.

Wanawake wengi waliifanya kazi hii wenyewe nyumbani, maana walihofia fundi wa dukani asije akawachanganyia nywele za mtu baki. Na mwambie mumeo kwamba si zote za marehemu. Walio hai nao walikatiwa vishungi vyao, ukoo mzima ukae pamoja. Hapo uchawi uko wapi? Huo ni mti wa ukoo.

Usilitundike penye jua wala karibu na bafu, na kioo usikifungue, wadudu hula nywele kama wanavyokula sufu. Mumeo akikataa kabisa, mrudishie mama kwa upole, mweleze sababu. Ataelewa kuliko akilikuta jalalani.

Ila kwanza, wiki hii hii, kaa naye umuulize: hili ua la nani, na lile jeusi? Ana miaka 91. Andika majina kwa penseli, tia karatasi kwenye bahasha, uifunge nyuma ya fremu.