Mchoro wa Lyndhurst hauna mnara

SWALI: Nimeona nakala ya mchoro wa Lyndhurst, jumba la Tarrytown, New York, uliochorwa na Alexander Jackson Davis. Mnara mkubwa haumo. Je, ni mchoro bandia?

JIBU: Si lazima. Angalia mwaka kwanza. Davis alilisanifu jumba hilo mwaka 1838 kwa ajili ya William Paulding, likiwa dogo zaidi. Mnara mkubwa ulikuja miaka ya 1864–65, mmiliki mpya, George Merritt, alipomrudisha Davis yule yule alipanue. Kwa hiyo mchoro wa 1838 wenye mnara huo ndio wa kutiliwa shaka.

Kisha tazama karatasi. Davis alitumia penseli, wino na rangi za maji. Michoro yake mingi imo Metropolitan Museum, New York. Ukiona mistari myeupe juu ya buluu, hiyo ni nakala ya baadaye: mbinu hiyo ya nakala za buluu (blueprint) ilibuniwa 1842, na maofisi ya wasanifu wa Marekani yakaanza kuitumia miaka ya 1870.

SWALI: Na kuitunza je?

JIBU: Ilaze bapa, usiikunje. Mwanga usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), maana rangi za maji zikishapauka hazirudi. Selotepu marufuku: gundi yake hupenya na kuacha doa la kahawia. Nakala za buluu zisiwekwe kwenye bahasha zilizotiwa chokaa ya kuzuia asidi; chokaa hiyo ni alkali, na alkali huifuta buluu. Watu wengi hukosea hapo, wakidhani bahasha hiyo inafaa kila karatasi.