Baba hataki kuuza ng'ombe

SWALI: Shikamoo Mama. Baba ana ng'ombe wengi, lakini hataki kuuza hata mmoja tufungue duka. Mtaalamu mmoja alituambia Wagogo ni waoga kwa asili, ndiyo maana hatuendelei. Ni kweli? Msomaji, Mpwapwa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli, na maneno hayo yananiuma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, nayo hukatika katikati. Mtama ukinyauka, ng'ombe ndiye anayeleta chakula nyumbani. Halafu kuna Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma. Bibi yangu alilelewa na walionusurika. Hakumaliza uwele wa ghalani kabla ya kuona mavuno mapya. Hofu ya namna hiyo hurithiwa kwa malezi, si kwa asili. Wajerumani nao, tangu fedha yao ilipogeuka makaratasi yasiyo na thamani mwaka 1923, wanajulikana kwa kuogopa mfumuko wa bei, na hakuna anayesema hawaendelei.

Tabia hubadilika njia mpya ikionekana salama. Tazama zabibu za Hombolo na Mpunguzi, mkoani Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka. Waliozipanda ni Wagogo hawahawa.

Basi usimwambie baba auze zizi. Mwombe madume mawili, anza na duka dogo, na kila mwisho wa mwezi mfungulie daftari la mauzo. Ng'ombe aliowaweka kwa rafiki zake vijiji vingine wasiguswe kabisa. Hao ndio bima yake.