Maswali na Majibu: Cheti, Leseni na Waandishi wa Programu

Je, waandishi wa programu wawe na leseni kama madaktari?

Tuanze kwa kutenganisha, maana mnavichanganya kila mara. Cheti kinasema ulifaulu mtihani. Leseni inasema kuna kazi huruhusiwi kuigusa bila hiyo, na ukivuruga unanyang'anywa. Marekani walijaribu: Texas ilianza kuwatambua wahandisi wa programu mwaka 1998, mtihani wa leseni ukaja 2013, ukafutwa 2019 kwa kukosa watahiniwa. Leseni isiyofungua mlango wowote, nani ataihangaikia? Anayetengeneza tovuti ya harusi mwacheni. Wa kubanwa ni yule anayeidhinisha programu ya breki au ya pampu ya dawa.

Maswali ya kuchagua jibu yanapima uwezo?

Yanapima kumbukumbu.

Cheti kingezuia maafa ya Therac-25?

Hapana. Mashine hiyo ya tiba ya mionzi iliwazidishia dozi wagonjwa 6 kati ya 1985 na 1987. Kosa moja lilikuwa kwenye kihesabio cha baiti moja: sifuri ilimaanisha "hakuna cha kukagua", namba nyingine yoyote ilimaanisha "kagua". Programu ikawa inaongeza moja kila mzunguko, badala ya kuweka namba isiyobadilika. Baiti huishia 255, kwa hiyo kila mzunguko wa 256 kihesabio kilirudi sifuri na ukaguzi ukarukwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua baiti inaishia wapi, mtihani angeufaulu. Kilichokosekana ni jicho la pili juu ya msimbo, pamoja na vizuizi vya kimitambo vilivyokuwa kwenye mashine za awali na hapa vikaondolewa. Ndiyo maana napendelea kanuni zinazobana bidhaa, kama kiwango cha kimataifa cha IEC 62304, kinachopanga programu za tiba katika madaraja A, B na C kulingana na madhara zinayoweza kuleta.

Nisomee cheti gani nipate kazi?

Swali hili tena! Kwa mitandao na huduma za wingu, vyeti vinavyotolewa na kampuni za teknolojia husaidia, ila vingi huisha muda. Kwa uandishi wa programu, onyesha mradi ulioko kwenye Git (mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo), wenye majaribio yanayoendeshwa kwa amri moja. Na maswali ya mtihani yaliyovuja msiyanunue. Ukigundulika, cheti kinafutwa.

Bosi anataka nisaini toleo nisilolikagua, kwa kuwa mimi ndiye mwenye cheti.

Usisaini. Dai kwa maandishi orodha ya mabadiliko, matokeo ya majaribio na jina la aliyepitia msimbo. Akikataa, hifadhi barua pepe hiyo.