Sheria ni Msumeno, Mbona Huku Unakata Upande Mmoja?

SWALI: Kaka shikamoo, na kama we ni mdogo kwangu utanisamehe. Mi natokea Tanga, niko New Jersey mwaka wa 14 huu, kazi yangu kusafisha nyumba za watu. Nyumba mojawapo ni ya polisi, kijana bado, mwili umetuna mpaka mashati yanalalamika, ila ana heshima kwangu siwezi kumsingizia. Mwezi uliopita nafuta kabati la bafuni kwake kikaanguka kiboksi cha viatu, ndani vichupa kama sita vya mafuta ya manjano havina karatasi ya duka la dawa, na mabomba ya sindano yamefungwa na raba. Nikarudisha vile vile nilivyokuta, mikono inatetemeka. Kilichoniuma ni mwanangu. 2018 akiwa na miaka 19 alisimamishwa barabarani eti taa ya nyuma haiwaki, wakapekua gari, wakakuta bangi ya kujaa kiganja. Alilala ndani, akakubali kosa, akapigwa faini, akawekwa chini ya uangalizi mwaka mzima na kila mwezi anakojoa kwenye kikombe mtu amesimama pembeni anamwangalia. Ana grini kadi na sasa anataka kuomba uraia ila anaogopa. Kwetu tuliambiwa sheria ni msumeno unakata mbele na nyuma, huku mbona naona unakata upande mmoja? Yale mafuta ni halali? Niripoti?
– Mama wa watoto wawili, New Jersey

JIBU: Dada yangu, shikamoo nakurudishia wewe maana ni mkubwa kwangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Tuanze na vichupa. Nimekaa miaka saba nyuma ya kaunta ya duka la dawa huku huku Marekani, testosteroni, ile homoni ya kiume, nimeishika sana. Ile ya halali inatoka na karatasi imebandikwa, jina la mgonjwa, jina la daktari, tarehe, na sheria inaruhusu ujaziwe tena mara 5 tu ndani ya miezi 6, zikiisha unarudi kwa daktari upya. Dawa huwezi kuijua kwa kuitazama tu, lakini mafuta ya manjano bila jina la mtu, sindano rundo, na mwenye nyumba anapiga tizi namna hiyo, dada mi na wewe tunaelewana.

Halali? Bila cheti cha daktari hapana. Steroidi za kujenga misuli, testosteroni ikiwemo, ziliingizwa kwenye madawa yanayodhibitiwa kwa sheria ya 1990, kundi la III, na sheria ya serikali kuu inasema ukikutwa nazo mara ya kwanza ni hadi mwaka 1 jela na faini isiyopungua dola 1,000. Sheria ya New Jersey yenyewe ndo kali zaidi, ni kosa la daraja la tatu ambalo kwenye vitabu ni miaka 3 mpaka 5. Sasa weka pembeni na mwanao: bangi isiyozidi gramu 50 wakati ule ilikuwa kosa dogo, mwisho wake miezi 6 na faini ya hadi dola 1,000. Yaani kwenye karatasi kile kiboksi cha viatu ni kizito kuliko kiganja cha bangi cha mwanao, na bado aliyelala ndani ni mwanao.

Tatizo liko kwenye kile kikombe ulichokitaja. Vipimo vya kawaida vya mkojo vya makazini huku vilipangwa miaka ya 80 kutafuta vitu vitano, bangi, kokeini, jamii ya afyuni, amfetamini na PCP, dawa ya kulevya inayoletea mtu maruweruwe. Steroidi hazimo. Ukitaka kuziona inabidi uagize kipimo kingine chenye bei kubwa zaidi, na wakubwa wengi wa polisi wanasubiri mpaka kuwe na sababu ya kumshuku mtu, na sababu hiyo nani aitaje wakati wote ni wenzake. Kwa hiyo polisi anaweza kukojoa kwenye kikombe kile kile alichokojolea mwanao, mwilini ana dawa ya kundi la III, na majibu yakatoka safi kabisa.

Na usifikiri ni siri mpya. DEA yenyewe, hao hao wa kupambana na madawa, 2004 walitoa kijitabu maalumu kuwaonya polisi kuhusu steroidi, na hutoi onyo kwa watu wasio na ugonjwa. 2007 waendesha mashtaka wa Brooklyn walivamia duka la dawa, majina ya polisi wa New York yakajitokeza, ndipo idara yao, NYPD, wakaanza kupima steroidi. Halafu ikaja ya jimboni kwako. Desemba 2010 gazeti la Star-Ledger lilichapisha uchunguzi kuhusu daktari mmoja wa Jersey City aliyefariki 2007, wakakuta polisi, askari magereza na wazima moto wasiopungua 248 kutoka idara 53 walipata kwake steroidi au homoni ya ukuaji. Wasiopungua 248, daktari mmoja! Na dawa nyingi zililipiwa na bima zao za kazini, bima ambayo inatoka kwenye kodi, hata hela yako ya kufagia imo humo. Sita kati ya wagonjwa wake walikuwa wametajwa kwenye kesi za madai za kutumia nguvu kupita kiasi au kuvunja haki za raia, karibu na wakati ule ule wanapewa dawa.

Sisemi steroidi peke yake inamfanya mtu apige watu, mtu mkatili ni mkatili hata akinywa maziwa. Lakini dozi kubwa zinajulikana kuleta hasira za haraka kwa baadhi ya watu, na huyu mtu tumempa bunduki na ruhusa ya kumsimamisha mwanao usiku kisa taa ya nyuma. Mi hilo linanikosesha usingizi kuliko bangi ya kijana wa miaka 19, naomba nieleweke.

Cheti cha daktari ndo mlango wenyewe. Sheria inataka cheti kiandikwe kwa sababu ya kweli ya matibabu, na wapo wanaume ambao kweli miili yao haitengenezi testosteroni, hao ni wagonjwa na wapewe. Ila mwenye bima nzuri na daktari rafiki anaandikiwa upungufu wa homoni, basi ameshakuwa mgonjwa, kesi imeisha kabla haijaanza. Mwanao hakuna aliyemwuliza kama anaumwa. ACLU, shirika la kutetea haki za raia, kwenye ripoti yao ya 2013 walionyesha kwamba mtu mweusi Marekani alikuwa na uwezekano mara 3.73 zaidi ya mzungu kukamatwa kwa kukutwa na bangi, na wakati huo wote wanavuta karibu sawa. Na kabla ya hapo kuna sheria ya 1986, gramu 5 za kreki, yaani kokeini iliyopikwa ikawa vipande vya kuvuta, zilikupa kifungo cha lazima cha miaka 5, lakini kokeini ya unga mpaka zifike gramu 500, na waliokuwa wanakamatwa na kreki wengi ni weusi. Ilichukua mpaka 2010 kushusha hiyo tofauti, wakaishusha kutoka mara 100 kuja mara 18. Mara 18! Wala hawakuifuta.

Kuripoti sasa. Dada, usiguse tena kile kiboksi, usipige picha, na hasa hasa usichukue kichupa hata kimoja ukasema ni ushahidi, manake ukikutwa nacho mkobani mwenye kosa ni wewe, na wewe huna chama cha wafanyakazi cha kukulipia wakili. Idara za polisi New Jersey zinatakiwa kupokea malalamiko hata yasiyo na jina, mlango upo, ila ongea na wakili kwanza, kwa sababu nyumba ile anayeingia bafuni ni wewe na yeye, atajua tu. Ukiona anampiga mtu mle ndani hiyo ni habari nyingine, toka nje upige simu.

Mwanao ndo haraka zaidi. New Jersey ilihalalisha bangi 2021 na Julai mwaka huo mahakama zikaanza kufuta zile kesi za zamani, kwa hiyo inawezekana faili lake limeshafutwa. Msifurahi mapema. Uhamiaji wana hesabu yao, kama mtu alikubali kosa na hakimu akampa adhabu yoyote, hata uangalizi tu, wao wanaweza kuhesabu amepatikana na hatia hata jimbo likifuta baadaye. Kinachoweza kumwokoa ni kwamba sheria ya kufukuza watu inaacha nje kosa moja tu la kukutwa na bangi isiyozidi gramu 30 ya matumizi yako mwenyewe. Kiganja kimoja kinaweza kuwa chini ya hapo, lakini kiganja sio mzani, inabidi iandikwe. Aende mahakamani achukue nakala yenye mhuri inayoonyesha kosa, uzito na hukumu ilivyoisha, ampelekee wakili wa uhamiaji, wa uhamiaji hasa sio wa ajali za magari, KABLA hajajaza fomu ya uraia na kabla hajapanda ndege kuja kumwona bibi Tanga. Na wakimwuliza asidanganye, uongo utamwumiza kuliko bangi.

SWALI: Bro naingia chuo cha polisi Minnesota mwakani, jamaa wa jimu ananiambia nipige saikoli moja tu ya steroidi, yaani kujidunga kwa wiki kadhaa halafu naacha, niongeze mwili, haionekani kwenye vipimo. Kweli?
– Kijana wa Mombasa

JIBU: Wakipima steroidi inaonekana, wanalinganisha testosteroni na homoni nyingine inayofanana nayo, uwiano ukizidi umeshikwa. Ila mdogo wangu sahau kushikwa. Ukijidunga ya nje, mwili unaacha kutengeneza yako, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, wengine wanaota matiti ambayo hayatoki mpaka upasuaji, kolesteroli inaharibika na moyo unatanuka. Ukiacha ghafla unabaki na huzuni ya miezi. Jamaa wa jimu siku hiyo hutamwona. Kimbia, piga pushapu, kula maharage, ingia na mwili wako.

SWALI: Huku Leicester rafiki yangu alikutwa na steroidi zake akaachiwa hivi hivi, inakuwaje?
– Msomaji wa Uingereza

JIBU: Uingereza ziko daraja C na kuwa nazo kwa matumizi yako mwenyewe sio kosa, kosa ni kuuza au kumgawia mtu. Kwa hiyo mwambie asimwachie hata rafiki kichupa kimoja, hata bure.