Cheti cha ustawi wa wanyama huanzia kwenye mizani

Kituo cha mazingira chenye kobe wachache, chatu mmoja na bundi aliyevunjika bawa kinapoomba cheti cha ustawi wa wanyama, kikwazo mara nyingi si mateso. Wanyama wanatunzwa vizuri, ila hakuna kilichoandikwa. Mkaguzi atamnyooshea kidole kobe mmoja tu na kuuliza: huyu alifika lini, alitoka wapi, leo ana uzito gani, na mwezi uliopita je? Mlishaji akijibu kwa kukumbuka tu, hilo ni kosa la kwanza.

Msichanganye cheti na kibali. Kibali cha kufuga wanyamapori, kinachotolewa na KWS (Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya) chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ni lazima. Cheti ni hiari, na hutolewa na shirika huru. PAAZA, chama cha bustani za wanyama na akwaria, hushughulikia bustani za wanyama barani Afrika. GFAS, shirikisho la kimataifa lililoanzishwa 2007, ni la vituo vya hifadhi; halikubali biashara ya wanyama, na kwa kawaida halikubali mnyamapori atolewe bandani ili kuonyeshwa watu. Kama kazi yenu ni kuwashikisha kobe watoto wa shule za Malindi na Watamu, someni sharti hilo kabla hamjalipa chochote. Vipimo vingi vinatokana na uhuru 5 wa mnyama uliopangwa Uingereza 1979 (asiwe na njaa na kiu, usumbufu, maumivu na maradhi, wala hofu, na aweze kuishi kwa mwenendo wake), na nyanja 5 za wanasayansi Mellor na Reid za 1994: lishe, mazingira, afya, mwenendo na hali ya akili. Hiyo ya mwisho ndiyo husahauliwa.

Anzeni na mizani ya jikoni ya kidijitali na daftari. Kobe mdogo hupimwa kila wiki, mkubwa kila mwezi, asubuhi kabla ya kula. Mwekeni juu ya bakuli lililogeuzwa, miguu ikining'inia, atatulia. Nyoka asiye na sumu hutiwa ndani ya foronya iliyofungwa, kisha uzito wa foronya hutolewa. Andikeni tarehe, namba ya mnyama, uzito, alichokula, alichobakisha, kinyesi kilivyo, na sahihi. Uzito ukishuka kwa asilimia 10, mwiteni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama mnyama anakula.

Kobe wa kwetu mwenye gamba la mabaka meusi na manjano ni mla nyasi. Sehemu kubwa ya chakula chake iwe nyasi mbichi au kavu, pamoja na majani ya mpungate. Wageni humpa mkate, ndizi na maembe kwa upendo, lakini sukari ya matunda huchachuka tumboni na kumharisha. Mchicha kila siku nao haufai, kwa sababu una kemikali inayoifunga kalisi, madini ya kujenga mifupa na gamba, isiingie mwilini. Kalisi tunayo bure: mfupa wa ngisi unaookotwa ufuoni, ukilowekwa maji matamu siku kadhaa ili chumvi itoke, kisha ukaanikwa. Chakula kiwekeni juu ya jiwe bapa, si mchangani, maana mchanga unaoshikamana na majani mabichi hukusanyika tumboni na kuziba.

Sakafu ya saruji husaga gamba la chini na kucha. Paa la mabati lisilo na kivuli juu yake, wakati wa kaskazi, ni tanuri. Afadhali makuti, au kivuli cha mwarobaini, na maficho yazidi idadi ya kobe kwa moja. Wawili wanahitaji matatu. Madume wawili wasiwekwe pamoja, hupinduana, na kobe aliyelala kichalichali juani hufa. Karai la maji liwe fupi, lizikwe usawa wa ardhi, na maji yabadilishwe kila siku kwa kuwa wao hunya humo. Maji ya kisima yaliyo na chumvi yasitumiwe.

Mnyama mgeni hukaa karantini siku 30 hadi 90, kwenye chumba chake, na ndoo na ufagio wake, na huhudumiwa mwisho. Vyombo huoshwa kwa sabuni kwanza, kisha dawa ya klorini, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, dakika 10, halafu visuuzwe. Wengi huruka sabuni, na hapo uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijaua vijidudu. Changanyeni mpya kila asubuhi.

Chatu anahitaji maficho mawili, upande wa joto na upande wa baridi, na kipimajoto kila upande. Pwani hatari ni joto kuzidi, hasa sanduku la kioo karibu na dirisha. Mpeni panya aliyekufa. Aliye hai humng'ata. Asishikwe saa 48 baada ya kula, wala macho yanapokuwa meupe kabla ya kujivua gamba. Bundi apewe matawi ya unene tofauti yaliyozungushiwa kamba ya usumba, kwani kijiti kimoja kigumu humtoa vidonda vya nyayo. Na awe na pembe ambayo mgeni hawezi kumwona. Mnyama asiyeweza kujificha na watu, hata ashibe, hana raha.

Tunaweka kikomo cha dakika 15 za kushikwa, si zaidi ya mara mbili kwa siku, na kila mtoto ananawa kwa sabuni baadaye, maana kobe hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila kuugua. Kobe akiingiza kichwa na kutoa mkojo, kipindi kimekwisha, hata kama darasa zima bado limepanga foleni.

Mnyama akifa, msimzike kwa haraka. Mtieni kwenye friji, si friza, kwa sababu kuganda huharibu nyama na daktari atashindwa kusoma chanzo cha kifo. Ripoti ya daktari iingie daftarini, hata kama inaonyesha kosa lenu, pamoja na kile mlichobadilisha baadaye. Mkaguzi atauliza ukurasa huo.