Maswali Yenu: Mkutubi wa Utafiti Analipwa kwa Kazi Gani?

SWALI: Nasoma uzamili wa afya ya jamii. Tasnifu yangu ni mapitio ya kimfumo (kukusanya na kuchambua tafiti zote zilizopo kwa utaratibu ulio wazi) ya tafiti za kichocho kandokando ya Ziwa Victoria. Msimamizi anasema nimetafuta makala juujuu tu. Nimempata mkutubi wa kujitegemea anayeahidi kuniletea makala 200 kwa wiki moja. Nimlipe? (Mwanafunzi, Mwanza)

JIBU: Usimlipe bado. Hakuna awezaye kuahidi 200 kabla hajatafuta. Huenda zipo 90, huenda 1,400. Unachonunua si rundo la makala, ni utafutaji ambao mtu mwingine akiurudia atapata kilekile. Kwa hiyo ukabidhiwe kwa maandishi: mfuatano kamili wa maneno kwa kila kanzidata, tarehe ya kutafuta na idadi ya matokeo. PRISMA ya 2020, mwongozo wa kimataifa wa kuripoti mapitio ya kimfumo, inadai hivyo, na mtahini naye atauliza.

Chukua kichocho chenyewe. Kwenye PubMed, kanzidata ya bure ya makala za tiba, anayeijua kazi ataanza na kitu kama hiki:

("Schistosomiasis"[Mesh] OR schistosom*[tiab] OR bilharzi*[tiab]) AND ("Lake Victoria"[tiab] OR Tanzania[tiab] OR Tanganyika[tiab] OR Ukerewe[tiab] OR Rusinga[tiab] …)

[Mesh] ni istilahi rasmi ya mada, [tiab] ni kichwa na muhtasari wa makala. Nyota inaokota schistosoma, schistosome na schistosomiasis kwa mkupuo. Bilharzi* imo kwa sababu ndivyo ugonjwa ulivyoitwa katika makala nyingi za zamani, na bila Tanganyika utazikosa baadhi ya tafiti za kabla ya 1964. Ukiandika Victoria bila Lake utaletewa jimbo la Australia. Mwanza nayo iko hadi Malawi. Visiwa na vijiji vimeorodheshwa kwa kuwa muhtasari mara nyingi hutaja Ukerewe tu, bila ziwa wala nchi. Sehemu ya majina ndiyo itakayokuwa ndefu, na hapo wewe mwenyeji unamzidi mkutubi, keti naye.

Ukiona ameweka NOT snail* ili kuondoa tafiti za konokono, shtuka. Makala iliyopima watoto wa shule na konokono kwa pamoja itatupwa nayo, na hutajua kamwe kwamba ilikuwepo.

Mjaribu kwa malipo ya saa mbili. Chagua makala 8 unazozijua fika, umpe 5, ufiche 3. Mfuatano wake usipozinasa zile 3, akueleze sababu. Huenda ni nzuri: pengine makala haimo kabisa kwenye kanzidata hiyo.

Kazi kamili, kanzidata tatu au nne, huchukua takribani saa 20 hadi 30, kwa hiyo makisio ya saa 5 yakutie wasiwasi. Mkatabani mwandike pia nani analipia Embase na Scopus, kanzidata ambazo si za bure. Usimpe nenosiri lako la chuo, maana leseni hairuhusu, na akikuambia anatumia la chuo kingine, achana naye. Dai faili za RIS (muundo wa kuhifadhi orodha ya marejeo) za kila kanzidata kabla na baada ya kuondoa nakala rudufu. Bila hizo mchoro wa PRISMA, unaoonyesha idadi ya makala katika kila hatua, haujaziki. Kuchuja makala ni kazi yako na mwenzako, si yake. Na kabla ya haya yote, ulizia dawati la wakutubi wa chuoni kwako: huenda Hinari, mpango wa WHO wa kusoma majarida ya afya, ipo na msaada huo unatolewa bure.

SWALI: Natafuta majalada ya mashamba ya mkonge Tanga, tangu Wajerumani hadi uhuru. Nimwajiri mtu London? (Msomaji, Tanga)

JIBU: London ni nusu tu. Mkonge uliletwa 1893, na majalada ya Waingereza yanaanza 1916. Ya Wajerumani yako Dar es Salaam, Kumbukumbu za Taifa, kwenye majalada yenye herufi G, na Berlin, kumbukumbu za shirikisho la Ujerumani (Bundesarchiv), kwenye fungu R 1001, ambalo mengi yake yanasomeka mtandaoni bila malipo. Hapo unahitaji mtu anayesoma mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani. Kujua Kijerumani cha leo hakutoshi.

Kew, London, kwenye Kumbukumbu za Taifa za Uingereza, tazama mafungu ya Wizara ya Makoloni: CO 691 hadi 1951, kisha CO 822. Katalogi yao ni ya bure mtandaoni, basi andika namba za majalada mwenyewe, umlipe mtu kwa siku badala ya kwa ukurasa; kupiga picha kwa kamera yako hakutozwi. Sharti moja: picha ya kwanza iwe ya jalada la nje, na kila picha ipewe jina lenye namba ya jalada na ya karatasi. Picha 600 zinazoitwa IMG hutaweza kuzinukuu popote.

SWALI: Mkutubi niliyemlipa anadai jina lake liwe kati ya waandishi. Ana haki? (Mhadhiri, Nairobi)

JIBU: Kulipwa hakumnyimi haki, wala hakumpi. Masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni manne, yote kwa pamoja: mchango mkubwa katika kubuni utafiti au kupata data, kuandika au kuhakiki rasimu kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kubeba dhamana ya kazi nzima. Aliyebuni utafutaji, akaandika sehemu yake ya mbinu na kuyatimiza hayo mengine, anastahili. Aliyekabidhi faili na kuondoka hutajwa kwenye shukrani, kwa ridhaa yake ya maandishi.